Ng'ombe wa Karanja na Pensheni ya Atieno

Atieno nyathina, mwanangu,

Katika Nyakach nzima, mtu wa kwanza kukuelewa wewe ni mimi. Kabla ya mama yako, kabla ya Karanja, kabla hata hujajua kujifunga vifungo vya shati, nilikutazama nikasema: huyu tuliyeambiwa ni mvulana ni msichana, mwacheni. Huko Nairobi mtu akikuuliza ni nani alikutambua kwanza, mwambie ni baba yako, Owuor.

Umemaliza kucheka? Haya. Ni uongo mtupu. Nilikuwa wa mwisho kabisa. Hata mbwa wetu Polisi alinitangulia. Ile siku ulirudi kutoka Kisumu umevaa gauni la kijani, Polisi alikimbia mpaka langoni akakurukia kama siku zote. Aliyebweka ni mimi.

Naandika saa hii kwa sababu wewe na mama yako mmeenda Katito kusukwa nywele, na kazi hiyo haiishi upesi, kwa hivyo meza ni yangu. Kiswahili changu unakijua, ni cha mtu aliyeacha shule darasa la sita akaenda kupakia miwa kwenye lori. Ningeandika Dholuo ningeandika vizuri zaidi, na matusi yangekuwa na ladha. Lakini Kiswahili ndiyo lugha mliyokuwa mnaongea wewe na Karanja ndani ya nyumba yenu, na siwezi kuandika habari zake kwa lugha ambayo yeye alijua kusalimia tu.

Mambo ya blanketi, maji ya kuchemsha na vijana wa steji wanaonyakua begi lako kabla hujawaita, hayo mama yako atakuambia, na atayarudia ukiwa tayari umekaa ndani ya basi. Mimi nataka kukuandikia yale ambayo nikijaribu kuyasema yanageuka kuwa mzaha. Unanijua. Mdomo wangu ukiona jambo zito unatoroka.

Nianze na Karanja mwenyewe. Ulipotuambia kuna mtu, na mtu huyo ni Mkikuyu anayeendesha mitambo ya vyumba vya baridi kwenye kiwanda cha samaki, nilisema wazi kwamba sasa umezidisha. Jina nilikuwa nimekubali kidogo kidogo, maana kutoka Otieno kwenda Atieno hukunigharimu sherehe nyingine. Gauni nilikuwa nimezoea. Lakini Mkikuyu! Wewe ulikuwa na kibanda chako Kibuye unasuka upya nyaya za mota zilizoungua, na kila mota ya kiwandani kwao ikiungua, bosi wake alikuwa anamtuma kwako. Mama yako alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi mpaka leo nasema huyo mtu alikuwa anaziunguza mwenyewe.

Akaja Jumapili moja na mkate, sukari, na gunia la viazi. Nikamwambia mama yako kwa Dholuo, kwa sauti, "Ameleta viazi kwa watu wa samaki." Mama yako akapika samaki wa ngege, akampa mgeni kichwa kama inavyopasa. Karanja alikuwa amefanya kazi miaka na miaka katikati ya samaki waliokatwa minofu, lakini nadhani alikuwa hajawahi kutazamana na mmoja uso kwa uso.

"Mzee," akaniuliza, "hii jicho inaliwa?"

"Inaliwa na wanaume."

Akaila. Akameza. Akanywa maji. "Basi nimepita?"

Mama yako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilikaza uso. Siku hiyo nikaanza kumwita Njugu, kwa sababu Karanja na karanga kwangu vilikuwa kitu kimoja, nikitumaini atakasirika aende zake. Akaitika. Kila nilipomwita Njugu akaitika kama jina alilopewa na mama yake.

Kabla ya kuondoka akaniuliza tena, "Mzee, hapa kwenu mtu akitaka kuheshimu wazazi wa mwenzake, anafanya nini?"

"Analeta ng'ombe," nikamwambia. "Si viazi."

Nilidhani nimemaliza maneno. Mtu wa kiwanda atapata wapi ng'ombe? Lakini wewe unakumbuka ile siku. Watoto walikuja mbio wakipiga kelele kwamba kuna mtu wa mjini barabarani anapigana na ng'ombe. Alikuwa amemnunua sokoni Katito na kumleta kwa miguu, na viatu vyake vya ngozi, na alikuwa anamvuta kwa mbele kama mbuzi. Hakuna aliyemwambia kwamba ng'ombe wa huku anaswagwa kwa nyuma. Kila shamba la mahindi ng'ombe alikuwa anaingia, na yeye anaingia naye, anaomba msamaha, anatoka. Alifika kwetu amelowa jasho, suruali imejaa michongoma, akanyoosha kamba.

"Mzee, nimeleta."

Mkono wangu ulishika kamba. Huo mkono nausifu mpaka leo. Taabu ilikuwa mdomo. Kwa sababu Okelo, jirani yetu asiyepitwa na kitu, alikuwa ameshafika kwenye ua na shingo yake ndefu.

"Owuor! Ni nini hiyo? Mahari?"

Na mimi nikajibu, "Mahari gani! Ni ng'ombe wa kuchunga. Huyu kijana wa mjini hana mahali, ameniomba nimtunzie."

Huku kwetu jibu hilo linatosha. Nusu ya ng'ombe wa Nyakach wanalala katika boma la mtu ambaye si mwenye mali, na hakuna anayeuliza mara mbili. Okelo akaridhika akaenda. Lakini wewe ulikuwa umesimama mlangoni pa jikoni. Na nitakuambia kitu ambacho labda hukukiangalia: Okelo aliuliza kwa Dholuo. Mimi nilijibu kwa Kiswahili, ili Karanja asikie.

Alisikia. Akachuma majani, akapangusa viatu vyake taratibu, mmoja halafu wa pili. Kisha akasema, "Asante Mzee kwa kunichungia."

Baadaye hata naibu chifu alinikuta na yule ng'ombe malishoni akauliza, nikamwambia vilevile. Uongo ukishausema vizuri mara moja unakuwa mwepesi. Na Karanja alikuwa ananipigia simu kila mara: "Mzee, ng'ombe wangu hajambo?" Hajambo, amezaa. "Unanichungia vizuri." Nikikata simu najisifu kwamba nimemshinda Mkikuyu katika mambo ya ng'ombe.

Halafu akaugua. Sitaki kuandika sana juu ya ugonjwa, wewe ndiye ulilala kwenye benchi la hospitali ukiwa umekunjwa kama shuka, wewe ndiye unajua. Alipozikwa kwao Murang'a uliketi nyuma na wafanyakazi wenzake wa kiwanda, na waliposoma majina ya watu aliowaacha, lako halikusomwa. Mimi sikuja. Nilisema mguu unauma. Mguu wenyewe siku hiyo ulinipeleka Pap Onditi kunywa chai na ukanirudisha. Hilo nimeliandika ili liwe limeandikwa, tusonge.

Tulipoenda kwenye ofisi ya mfuko wa pensheni wa kiwanda, nilikusindikiza kwa sababu mama yako alinifukuza nyumbani niende. Wewe siku hiyo ulimwona karani. Mimi nilikuona wewe, na hukuwa mahali pa kujiona, kwa hivyo wacha nikusimulie.

"Mjane ni nani hapa?" karani aliuliza, akitutazama sisi wawili kana kwamba na mimi nilikuwa kwenye mashindano.

"Ni mimi."

Akachukua kitambulisho chako, akakigeuza, akakigeuza tena. "Hapa imeandikwa mwanaume."

"Imeandikwa."

"Na marehemu alikuwa mwanaume."

"Najua. Niliishi naye."

Mwenzake wa dirisha la pili akacheka puani. Karani akajikuna. "Sasa, dada... bwana... sasa wewe, tukulipe kama nani?"

"Karanja alijaza fomu yenu kwa mkono wake. Soma alichoandika."

Akasoma. "Atieno. Mwenzi wangu." Akainua kichwa. "Lakini mwenzi si mke."

Hapo mimi nilikuwa nimeshika kofia magotini najifanya naangalia kalenda ukutani. Ningekuwa wewe ningepiga meza, au ningekimbia. Wewe uliinamisha kichwa kidogo, kama unavyofanya ukisikiliza mota kama ina kasoro, halafu ukauliza kwa upole kabisa:

"Pesa hii mlikuwa mnaikata kwa mshahara wa Karanja kila mwezi. Kuna mwezi mliikata kidogo kwa sababu alikuwa anaishi na mimi?"

Karani akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mimi ni karani tu," akasema. Na sauti yake ilikuwa imeshuka. Nyathina, nimewaona watu wengi wakishinda kwa kelele, mimi mwenyewe ni mmoja wao. Siku hiyo nilianza kukuogopa kidogo, ile namna ya kumwogopa mtu unayemheshimu.

Na kando yetu palikuwa na mama mmoja mwenye kitambaa cheusi, unamkumbuka. Hakuwa na cheti cha ndoa. Alikuwa na barua ya chifu wake na picha ya mazishi. Alipigiwa muhuri akaambiwa arudi Ijumaa achukue hundi. Sikumwonea wivu mama wa watu, alikuwa amefiwa kama wewe. Lakini nilimtazama, nikakutazama, na nikashindwa kuona tofauti ni ipi isipokuwa neno kwenye kitambulisho.

Sasa sehemu ambayo utanicheka. Tulipotoka nje nilikuwa na mpango, na nikakueleza njiani nikiwa na furaha kama mtu aliyevua mbuta mkubwa. Binamu yako Adhiambo ana kitambulisho safi cha mwanamke na anajua kulia vizuri kuliko mtu yeyote katika ukoo. Tumvalishe nguo nyeusi, tumtafutie barua, achukue pensheni, akuletee.

"Baba," ukaniuliza, "Adhiambo anajua kwamba Karanja alikuwa analala redio ikiwa inaongea?"

"Atafundishwa."

"Na aliogopa nini? Na alikuwa anaimba nini akinyoa ndevu?"

"Hayo hawaulizi, yawa! Wanauliza kitambulisho."

"Ndiyo. Kwa hivyo wataandika Karanja aliacha mjane, jina lake Adhiambo. Pesa nitapata. Lakini itakuwa imeandikwa kwamba mimi sikuwahi kuwa na yeye."

Nikanyamaza mpaka Ahero. Kwangu hiyo ni safari ndefu ya kunyamaza, hata kondakta angeshangaa kama angenijua. Nilikuwa nimekaa karibu nawe nafikiri: huyu nilimzaa mimi? Mimi niliyeghushi umri nipate kazi ya lori? Mimi niliyemwambia mama yako wakati wa uchumba kwamba nina duka? Pesa ilikuwa karibu kama mkono na mdomo, na ulikuwa na kodi ya kibanda juu yako, na ulikataa kwa sababu haikuwa na jina lako.

Halafu barua ya wadhamini wa mfuko ikaja, ikisema pensheni ya mjane ni ya mke au mume, wewe si mke wala mume, na zaidi ya hayo hakuna dalili kwamba familia zilijuana. Tukaenda kwa yule wakili wa Milimani, ile ofisi yenye ua uliokatwa vizuri kuliko nywele zangu. Nilitegemea mzee mwenye miwani, nikakuta binti mdogo ambaye ningemtuma maji. Lakini akiongea unaelewa.

"Mzee," aliniambia, "hatutawaomba watufundishe ndoa ni nini. Tutawauliza swali moja. Kama kitambulisho cha Atieno kingesema mwanamke, mngemlipa kwa barua ya chifu kama mnavyowalipa wengine? Wakisema ndiyo, basi wamemnyima kwa sababu ya jinsia. Huo ni ubaguzi, na katiba imeukataza."

Katiba yenyewe tuligawiwa nakala, na wewe unajua mama yako aliitumia kufunikia maziwa. Sikujua kwamba wakati wote huo ilikuwa inazungumza habari zako.

"Lakini lazima tuonyeshe mliishi kama watu wa nyumba moja," wakili akaendelea, "kwamba Karanja alimtunza Atieno na kwamba kwenu mlimjua." Akafungua faili ya mfuko. "Na hapa tuna shida. Walimtuma mtu kwa naibu chifu wenu." Akasoma barua ambayo naibu aliwaandikia. Kwamba hakuna mahari iliyoletwa. Kwamba ng'ombe aliyeonekana alikuwa wa kuchungwa tu. Kwamba habari hiyo naibu alipewa na Mzee Owuor mwenyewe.

Nilitafuta mzaha, nikatafuta kila mfuko, sikupata hata mmoja. Sikuinua macho. Ungeweza kunimaliza pale, nyathina, mbele ya mtu aliyesoma, na ningestahili. Badala yake nikasikia sauti ambayo sikuitegemea. Ulikuwa unacheka.

"Wakili, baba yangu alikuwa anaogopa Okelo."

"Okelo ni nani?" wakili akauliza, tayari kuandika.

"Jirani. Mwenye shingo." Halafu ukanigeukia. "Baba, Karanja alijua. Akimaliza kukupigia simu alikuwa ananiambia, mzee wako bado anachunga mahari yangu, na anaichunga vizuri."

Kumbe wakati wote ule aliyekuwa ameshinda ni Njugu. Alikuwa ananipa nafasi. Kila simu, alikuwa anapita kuangalia kama nimefika.

Kilichofuata hukuwepo, ulikuwa kibandani, ukaja kuona barua tu. Kwa hivyo sikiliza, na ukimuuliza Okelo usiamini atakachosema.

Nilienda kwenye baraza la naibu chifu, pale nyuma ya ofisi yake ya mabati. Walikuwa wanazungumzia daraja lililovunjika. Wakamaliza daraja, nikasimama.

"Naibu, mimi nina marekebisho. Ni juu ya yule ng'ombe wa Njugu."

"Ameibwa?"

"Hajaibwa. Alikuwa mahari."

Watu wakageuka. Okelo akawa wa kwanza, nani mwingine. "Mahari ya nani?"

"Ya Atieno."

"Yawa! Kwa hivyo Owuor umekula mahari ya mwanaume?"

Wakacheka, baraza zima. Lakini nikakumbuka jinsi ulivyoinamisha kichwa mbele ya karani, na mimi nikainamisha.

"Kwanza, ni binti yangu. Pili, sikula, nilikunywa. Ng'ombe ni wa maziwa. Na wewe Okelo, Jumapili zote tangu ng'ombe huyo azae, chai yako umeinywea wapi?"

Kicheko kikabadilisha upande.

"Mimi sikuambiwa ni mahari!" Okelo akapaza sauti.

"Ungeambiwa ungeacha?"

Akafikiria. Okelo ana makosa mengi lakini akiulizwa swali hulifikiria. "Chai ilikuwa nzuri," akasema.

Basi Mama Akoth wa kwaya akasimama akasema hata yeye alichukua maziwa kwetu ubatizo wa mjukuu wake ulipofika. Na mwenye kinu akasema mkewe alijifungua akatumiwa maziwa na mama yako. Wengine wakainamia viatu vyao, maana kila mtu alikuwa anahesabu vikombe. "Sasa," nikawaambia, "mahari hii tuliinywa sote. Mkisema haikuja, tapikeni."

Naibu chifu si mtu wa mzaha, unamjua. Akanigeukia. "Mzee, kwa hivyo ile siku ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Nikaandika na nikapiga muhuri."

"Ukapiga."

"Sasa nitaandika nini?"

"Andika Owuor ni mwongo. Halafu andika ng'ombe alikuja."

Akaandika yote mawili. Wakili alipoisoma alisema hajawahi kupata barua nzuri kama hiyo ya chifu.

Sikuambii ati watu wamegeuka malaika. Mchungaji hajanipa mkono tangu siku ile, na kuna nyumba mbili ambazo hazichukui tena maziwa kwetu, zinayatoa mbali zaidi na kwa bei kubwa. Okelo anakuja kama kawaida. Huleta sukari yake siku hizi, anasema hataki tena kula mahari bila kuchangia. Nilikuwa nimeogopa miaka yote hiyo watu watasema nini. Wakasema. Walisema kama robo saa hivi, halafu wakarudi kwenye habari ya daraja. Kwa hofu hiyo ndogo nilimwacha Karanja akipangusa viatu vyake kwa majani mbele ya watoto. Ukiwa huko mjini, ukijikuta unataka kumjibu Okelo wako, kwa sababu kila mahali kuna Okelo, kumbuka baba yako alivyojibu haraka.

Lakini nadhani wewe huhitaji kuambiwa. Uliponieleza jinsi ulivyopata hii kazi ya karakana ya mota huko Nairobi, nilikuuliza kama mwenye karakana anajua. Ukasema ulimwambia wewe mwenyewe siku ya kwanza, kabla hajaomba kitambulisho, ili asipate taabu ya kushangaa. Naye akakuuliza kama unaweza kusuka mota ya pampu ya kisima. Nimelisimulia jambo hilo kwa watu wengi. Mama yako anasema nalisimulia kana kwamba nilikuwepo.

Sasa Alhamisi. Wewe utakuwa mbele ya lile jopo la rufaa za pensheni pamoja na wakili, na mimi nitatoa ushahidi kwa simu ya picha kutoka ofisi ya naibu, kwa sababu safari hii mguu ni mgonjwa kweli, nadhani ulisikia nikiusingizia. Wakili amenionya kwamba wakili wa mfuko ataniuliza: Mzee, ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa? Na kwamba hapo ndipo kesi inaweza kuanguka, kwa sababu shahidi aliyepokea mahari ni mimi peke yangu.

Nimetengeneza majibu mengi ya swali hilo nikikamua. Mengine yanachekesha sana, Mama Akoth alicheka mpaka akaketi chini. Nimeyatupa yote. Nitasema: wakati ule. Akiniuliza kwa nini nilidanganya nitamwambia nilikuwa naona haya, na haya yenyewe sikuwa na sababu nayo. Akitaka zaidi nitamweleza habari za viatu.

Sijui watasema nini. Hata wakili hajui, na yeye amesoma. Labda watakubali uandikwe mahali ulipokuwa siku zote. Labda watakataa na utapanda ngazi nyingine, najua utapanda, nimekuona. Ninachojua ni kwamba Karanja aliandika jina lako kwa mkono wake, na mimi nataka nisikike nikisema ndiyo, tulimjua, alikuja kwetu, alileta.

Na hapo ndipo nina ombi. Wiki iliyopita tulipofanya mazoezi ya simu ya picha na wakili, nilitoa hotuba ndefu juu ya Karanja, hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, nikamaliza nikifuta macho, ndipo mkaniambia sauti ilikuwa imefungwa na mmeona mdomo tu ukicheza. Na wewe uliniacha niongee mpaka mwisho! Una deni langu. Nilipokufundisha baiskeli katika njia ya Pap Onditi nilikimbia nimeshika kiti nyuma yako, watu wanatazama, na sikukiachia mpaka uliposema mwenyewe, achia. Kwa hivyo ukirudi na nywele zako mpya, kabla hujafunga begi, kaa hapa kando yangu unionyeshe tena pale mtu anapobonyeza ili sauti itoke. Shika kidole changu ukiweke juu yake, polepole, usifanye haraka kama vijana mnavyofanya. Na usiachie mpaka niseme.

Baba yako,
Owuor